Pima kwanza, nunua baadaye: umeme wa pikipiki ya koperative

Kila komite ya koperative iliyo na pikipiki inajua maneno haya: "Batri imekufa, tununue ingine." Kese inatoa pesa, batri mpya inafungwa, pikipiki inawaka vizuri wiki mbili ao tatu, kisha motari anarudi na maneno yaleyale. Mara nyingine fundi anabadilisha regilateri, mara nyingine waya, na mwisho wa mwaka komite inakuta fakitire nyingi, na pikipiki bado inasukumwa ili iwake.

Katika toleo hili tunaeleza juu ya nini jambo hili linarudi-rudi, na namna memba yeyote wa koperative anaweza kulichunguza bila kuwa fundi. Inaomba chombo kimoja kidogo, multimetri, pamoja na namba tatu za kuandika kwenye kaye. Mara nyingi batri iliyokufa si ugonjwa wenyewe, ni alama ya ugonjwa. Mwenye kununua batri bila kupima analipa alama, ugonjwa unabaki ndani ya pikipiki.

Kwa nini jambo hili ni la mkulima

Wengine watasema mambo ya umeme ni ya motari na ya garaji. Si vile. Kahawa nyekundu iliyochumwa leo inapaswa kufika leo kwenye kituo cha kuoshea. Ikilala ndani ya mfuko inaanza kuchacha, na kahawa iliyochacha bei yake inashuka. Maziwa nayo hayangojei. Pikipiki inayokataa kuwaka saa kumi ya jioni inaharibu kazi ya familia nyingi kwa siku moja. Tusisahau pia njia ya usiku: motari asiye na taa ya nyuma wala klaksoni katika njia ya mlima anahatarisha maisha yake na ya yule aliyebeba.

Tena pikipiki ya koperative si ya mtu mmoja. Pesa ya batri inatoka kwenye michango ya wote. Kwa hiyo wote wako na haki ya kuuliza: tumepima nini kabla ya kununua?

Umeme unatoka wapi

Pikipiki nyingi zinazotembea kwetu, kama Boxer, TVS, Haojin na Senke, zinatumia umeme wa volti 12. Ili kuelewa mambo yake, fikiri juu ya maji ya kijiji. Kuna chemchemi, kuna robine inayopunguza nguvu ya maji, na kuna tanki.

Chemchemi ni statori. Ni bobini za waya wa shaba zilizofichwa pembeni ya motere, chini ya kifuniko cha upande. Motere ikizunguka, sumaku inazunguka karibu na zile bobini na umeme unazaliwa. Motere ikizimwa, hakuna umeme unaotoka pale.

Robine ni regilateri. Ni kisanduku kidogo cha aluminiamu chenye mapezi, kimefungwa na bulo kwenye chasi. Kinafanya kazi mbili: kinageuza umeme wa statori uwe wa aina ambayo batri inakubali, na kinazuia volti zisipande kupita kiasi.

Tanki ni batri. Haizalishi umeme, inauweka tu. Njo maana kuweka batri mpya ndani ya pikipiki isiyochaji ni kama kujenga tanki jipya pahali ambapo bomba limekatika. Litakuwa na maji ya siku ya kwanza tu.

Hebu tufanye hesabu kidogo. Taa ya mbele ya wati 35 inakula karibu ampere 3. Batri ndogo ya ampere-saa 5, kama ingelisha taa hiyo peke yake bila kuchajiwa, ingeisha bila kufika saa mbili. Mtu akisema "batri hii ni mbaya, imekaa paka siku mbili", tuulize kwanza kama kuna kitu kilichokuwa kinaijaza.

Chombo: multimetri

Multimetri ndogo ya sokoni bei yake iko chini ya bei ya batri moja, na inatosha kwa kazi hii. Iko na waya mbili: nyekundu na nyeusi. Nyeusi inaingia kwenye tundu lililoandikwa COM, nyekundu kwenye tundu lenye V. Zungusha kitufe kwenye V yenye kamstari kalikonyooka pembeni, namba 20. Hiyo ni kwa umeme wa batri. Kuna pia V yenye alama ya wimbi, hiyo ni kwa umeme unaotoka moja kwa moja kwa statori. Tutaihitaji baadaye.

Nyekundu inagusa kichwa cha batri chenye alama ya kujumlisha (+), nyeusi kinachobaki (−). Kama kioo kinaonyesha kamstari ka kutoa mbele ya namba, umegeuza waya. Hakuna kilichoharibika, zigeuze tu. Kwenye kioo nukta inakaa pahali pa koma: 12.6 ya pale ni 12,6 yetu.

Namba ya kwanza: batri ikipumzika

Pima asubuhi, kabla ya mtu kuwasha pikipiki, kontakti ikiwa imezimwa. Pikipiki iliyotoka kutembea sasa hivi inadanganya: volti za juu juu bado ziko pale.

Ndani ya batri ya volti 12 kuna vyumba sita, kila kimoja kinatoa volti 2 na kidogo. Njo maana batri iliyojaa haisomi 12 kamili:

– 12,6 mpaka 12,8: imejaa. Zile zilizofungwa kabisa, zisizoongezwa maji, zinaweza kukaribia 13.
– 12,4: imepungua kidogo, karibu robo.
– 12,2: iko nusu.
– 12,0 ao chini: karibu imeisha. Wengi wanaona 12 wanafurahi, kumbe 12 ni njaa.
– Karibu 10,5: huenda chumba kimoja kimekufa. Ijaze kwanza, kisha upime tena kesho yake. Kama imerudi palepale, hiyo batri haitapona.

Batri inayokaa muda mrefu chini ya 12,4 inaota kama chumvi nyeupe juu ya risasi yake ya ndani, na ile chumvi inapunguza uwezo wake kila wiki. Ndiyo namna batri mpya inazeeka mapema ndani ya pikipiki isiyochaji vizuri.

Namba ya pili: wakati wa demareri

Kama pikipiki yenu iko na demareri, shika waya za multimetri kwenye vichwa vya batri, mwenzako abonyeze demareri kwa sekunde mbili ao tatu. Namba itashuka, hilo ni la kawaida. Ikibaki juu ya 9,6 batri iko na nguvu. Kama ilikuwa 12,6 ikipumzika, halafu inaanguka mpaka 8 ao chini, batri imechoka ndani hata kama kwa macho inaonekana imejaa. Hapo kweli mnaweza kusema: batri imekufa.

Na kama volti haishuki hata kidogo, na demareri haizunguki? Basi umeme haufiki kule. Tafuta kwenye kitufe, kwenye relei ao kwenye waya. Usiguse batri, haina kosa.

Namba ya tatu: motere ikizunguka

Namba hii njo inaamua mambo. Washa motere kwa kiki ao kwa demareri, iache ipate joto kidogo. Pima kwenye vichwa vya batri ikiwa ralanti, kisha mwenzako aongeze gazi kama vile anapanda kilima kidogo, bila kupiga kelele ya mwisho. Namba inapaswa kupanda na kusimama kati ya 13,5 na 14,8.

Kwenye ralanti isikutishe ikiwa chini kidogo, pikipiki nyingi ndogo hazichaji sana zikiwa polepole. Tunachotafuta ni kupanda gazi ikiongezwa.

Kuna majibu matatu. Ikifika 13,5 mpaka 14,8, kuchaji ni kuzuri. Ikibaki palepale ao ikishuka polepole, pikipiki haichaji. Ikipita 15, inachaji kupita kiasi. Kila jibu liko na njia yake.

Kama haichaji: fuata bomba, usiruke

Kosa la garaji nyingi ni kurukia regilateri. Sisi tunashauri kutembea kama mtu anayefuata bomba la maji, kutoka tanki kurudi chemchemi, na kuanza na vitu visivyolipisha pesa.

Vichwa vya batri. Legeza, sugua na msasa mpaka ing'ae, kaza vizuri. Ile unga nyeupe ao ya kijani ni adui, ioshe na maji ya moto yenye soda ya kupikia, ukihakikisha hayaingii ndani ya batri. Ukimaliza, paka grisi kidogo juu.

Fizibli. Iko ndani ya kasanduku kadogo karibu na batri. Itoe uiangalie, lakini angalia pia vile vyuma vinavyoishika, kwa maana mara nyingi kutu iko pale. Fizibli ikiwa imekatika, weka ingine ya ampere ileile. Usiweke waya wa shaba wala karatasi ya sigara. Fizibli inakufa ili pikipiki isiungue, na tanki la esansi liko karibu sana.

Prizi ya regilateri. Ivute. Plastiki iliyoyeyuka, vyuma vyeusi ao rangi ya kijani vinaonyesha kwamba umeme ulikuwa unapita kwa shida na kuzalisha joto. Pikipiki inayooshwa mtoni kila siku ya soko na kupita kwenye tope inapata maji ndani ya prizi. Baada ya kuosha, ikaushe.

Masa. Ni waya unaotoka kwenye − ya batri na kufungwa kwa bulo kwenye chasi ao motere. Kama chasi ilipakwa rangi upya, huenda rangi iko chini ya ile bulo, na rangi haipitishi umeme. Regilateri nayo nyingi zinahitaji kugusa chuma safi, kwa umeme na kwa kupoa. Tope likifunika mapezi yake, inapika.

Sasa tumia multimetri kujua kama bomba limeziba. Motere ikizunguka na gazi kidogo, taa ikiwa imewashwa, weka ncha nyekundu kwenye waya wa regilateri unaokwenda kwa batri, na nyeusi kwenye + ya batri. Namba isizidi 0,3. Kisha ncha nyeusi kwenye − ya batri, nyekundu kwenye mwili wa regilateri ao motere: hapa pia isizidi 0,3. Namba kubwa inamaanisha volti zinapotea njiani.

Tuchukue mfano wa koperative ya kahawa kwenye milima ya Kalehe. Batri mpya, wiki mbili, inapumzika kwenye 12,1. Motere ikizunguka na gazi, inasoma 12,0. Fundi anasema regilateri. Lakini wakipima pale umeme unapotoka kwa regilateri wanakuta 14,4. Basi regilateri inafanya kazi yake, statori pia. Volti 2,4 zinapotea kati ya regilateri na batri, na kati ya hizo mbili kuna paka waya, prizi na kasanduku ka fizibli kenye kutu. Kusugua kale kasanduku ao kuweka kapya ni kazi ya dakika kumi na tano. Bila ile namba 14,4, kese ingelipa regilateri mpya, na baada ya wiki mbili ingelipa batri ingine.

Kama waya, prizi, fizibli na masa viko sawa, njo tunafika kwa statori. Zima motere, vuta prizi kati ya statori na regilateri. Weka multimetri kwenye V yenye alama ya wimbi, namba 200. Washa motere. Kama statori iko na waya tatu za rangi moja, pima kati ya waya na waya, mara tatu: namba zote ziwe karibu sawa. Kama iko na waya moja ya kuchaji na masa, kama zile nyingi ndogo, pima kati ya ile waya na masa. Namba kamili inatofautiana kwa kila aina ya pikipiki, lakini kanuni ni moja: gazi ikiongezwa, namba lazima ipande sana, kama kutoka 15 ao 20 kwenye ralanti mpaka 40 ao zaidi. Usishike ncha za chuma kwa vidole wakati huu.

Isipopanda, ao ikiwa sifuri, statori imeungua ao waya yake imekatika. Ukifungua kifuniko utaona bobini zimekuwa nyeusi na utasikia harufu ya kuungua. Kuna mafundi wanaofunga bobini upya kwa waya wa shaba. Kama kazi ni nzuri inadumu, lakini pima tena kabla ya kulipa yote.

Namba ikipanda vizuri, na njia yote ya waya iko safi, hapo regilateri njo mwenye kosa. Sasa mnaweza kuinunua bila mashaka. Chukua ya zamani uende nayo dukani: prizi ifanane, idadi ya waya ifanane, na mpango wa waya ndani ya prizi ufanane. Usifuate rangi peke yake, juu watengenezaji hawatumii rangi moja wote.

Kama inachaji kupita kiasi

Volti zikipita 15 na kuendelea kupanda na gazi, alama zake ni hizi: ampuli zinaungua kila wiki, batri inapata joto na kuvimba, maji yake yanaisha upesi, kuna harufu kali kama ya yai bovu. Simamisha safari. Sababu kubwa ni regilateri iliyoharibika ao masa yake mbaya. Sugua masa kwanza, pima tena. Isiposhuka, badilisha regilateri.

Hapa tuongeze neno moja: usitembeze pikipiki na batri ikiwa imetolewa, hata kama kiki inaiwasha. Kwa pikipiki nyingi, batri inasaidia kutuliza volti. Bila yenyewe zinaruka, na ampuli na vitu vingine vinaungua.

Inachaji vizuri, lakini asubuhi imekufa

Namba ya tatu ni nzuri, 14,2, lakini kila asubuhi batri iko chini. Angalia mambo mawili.

La kwanza ni kitu kinachokunywa umeme usiku. Mara nyingi ni kitu kilichoongezwa: chaja ya simu kwenye usukani, alarme, muziki, vilivyofungwa moja kwa moja kwenye batri bila kupita kontakti. Kitu kinachokula ampere 0,1 kinaonekana kidogo, lakini kinamaliza batri ya ampere-saa 5 kwa saa 50, siku mbili na kidogo. Ili kupima, zima kontakti, toa waya wa − kwenye batri, hamisha ncha nyekundu kwenye tundu la 10A na kitufe kwenye ampere, kisha weka multimetri katikati ya ule waya na kichwa cha batri. Inapaswa kusoma karibu sifuri. Usiwashe kontakti wala kubonyeza demareri wakati huo, utaunguza chombo. Kama namba iko juu, toa vitu vilivyoongezwa kimoja kimoja mpaka ianguke. Ukimaliza, rudisha ncha nyekundu kwenye V, usisahau.

La pili ni mzigo mkubwa. Taa mbili za LED za wati 20 zinakula pamoja ampere 3 na zaidi. Ongeza muziki na chaja, statori ndogo haitoshi, zaidi sana kwenye njia mbaya ambapo motari anasimama mara nyingi. Pima namba ya tatu na vyote vikiwa vimewashwa. Ikianguka chini ya 13, punguza mzigo. Komite iamue: pikipiki ya koperative inabeba mavuno, si disko.

Kama multimetri haipo leo

Unaweza kupata wazo, si hakikisho. Piga klaksoni motere ikiwa imezimwa, kisha ipige motere ikizunguka na gazi kidogo. Kama sauti inapata nguvu, kuna kuchaji. Fanya vilevile na taa za kukata kona: mwanga uongezeke, kuwaka-zima kuwe na nguvu.

Lakini angalia: msitumie taa kubwa ya mbele kwa jaribio hili. Katika pikipiki nyingi ndogo, taa hiyo inakula moja kwa moja kwa statori bila kupita batri. Inaweza kuwaka sana gazi ikiongezwa wakati batri haipati kitu. Wengi wamedanganywa na taa hiyo.

Na batri mpya, tuianze vizuri

Batri nyingi zinauzwa kavu, na muuzaji anamwaga asidi mbele yako. Usiifunge palepale na kuondoka. Iache inywe asidi nusu saa, kisha ichajiwe polepole, kwa sehemu moja ya kumi ya ukubwa wake: batri ya ampere-saa 5, ampere 0,5, kwa saa kadhaa. Batri isiyopata chaji hiyo ya kwanza haifikii nguvu yake kamili maisha yake yote.

Pahali pasipo na umeme, paneli ya sola inaweza. Paneli ya wati 10 inatoa zaidi ya ampere 0,5 juani, inafaa sana batri ndogo. Lakini ipite kwenye regilateri ya sola: paneli ya volti 12 bila mzigo inafika karibu volti 21, na hiyo inachemsha batri.

Kwa batri zenye vifuniko, angalia maji kila mwezi. Ongeza maji ya distile peke yake, mpaka mstari wa juu. Maji ya mto ao ya chemchemi yana madini yanayoharibu. Asidi haiongezwi, paka siku ya kwanza.

Usalama: batri inayochajiwa inatoa gazi inayolipuka, kwa hiyo hapana sigara wala moto karibu. Asidi ikigusa ngozi ao jicho, osha na maji mengi dakika kumi na tano, kisha nenda kituo cha afya. Ukitoa batri, anza na −, ukiifunga, − iwe ya mwisho.

Batri iliyokufa isitupwe shambani wala karibu na maji. Ndani yake kuna risasi, sumu inayokaa kwenye udongo na inayodhuru watoto zaidi. Irudishe kwa muuzaji, wengi wanazinunua.

Kazi ya komite

Tunashauri mambo manne, na yote yako ndani ya uwezo wa koperative ndogo.

1. Nunueni multimetri moja, ikae kwa mtunza stoku, si ndani ya mfuko wa motari.
2. Chagueni watu wawili, mwanamke na mwanaume, wajifunze zile namba tatu. Vijana waliosoma kidogo wanaelewa kwa saa moja.
3. Fungueni kaye ya pikipiki. Kila mwezi muandike tarehe, namba ya kupumzika, ya demareri, na ya motere ikizunguka. Namba ya kupumzika ikianza kushuka mwezi kwa mwezi, mnaona shida kabla ya siku ya mavuno.
4. Wekeni sheria: kese haitoi pesa ya batri, regilateri ao statori mpaka namba tatu ziwe zimeandikwa na kutiwa sahihi. Fundi mzuri hatakataa. Yeye pia atafurahi, maana mteja anayejua kupima hamshitaki bure.

Kata kipande hiki, kibandikeni kwenye ukuta wa stoku:

Kupumzika: 12,6–12,8 nzuri. 12,0 imeisha.
Demareri: isishuke chini ya 9,6.
Motere na gazi: 13,5–14,8 nzuri. Chini ya 13, haichaji vizuri. Juu ya 15, inaunguza.
Kupotea njiani: isizidi 0,3.
Utaratibu: vichwa vya batri, fizibli, prizi, masa, statori, mwisho regilateri.

Mavuno yanayokuja, kabla pikipiki haijabeba mfuko wa kwanza, pimeni. Kama iko na kasoro, mtaijua mkiwa nyumbani, na pesa ya batri itabaki kwa mbegu ao kwa mifuko.